Zamu ya Mikeshia

Fundi aliapa kuwa kile kitanda ni cha msaji. Aliapa kwa Mungu, kisha kwa marehemu baba yake, na alipoona bado nimekunja uso akaongeza na macho yake mawili. Hapo nikajua si msaji. Mwenye msaji haapi mara tatu. Mwenye msaji hunyamaza, akakuacha uugongegonge mwenyewe mpaka uone aibu kuuliza bei.

Karakana yake iko katika kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Nilikuwa nimekwenda kumtafutia mama kitanda, maana magoti yake siku hizi hayaitaki tena samadari ya kupandia kwa kigoda. Fundi alikuwa anapunguza mguu mmoja kwa msumeno, na vumbi la mbao likanifikia puani kabla ya maneno yake. Ilikuwa harufu ya chai iliyosahauliwa ndani ya birika tangu asubuhi, na nyuma yake utamu mdogo, kama asali iliyoanza kuchacha.

"Huu mkeshia," nikamwambia.

"Bi mkubwa, msaji mtupu huu. Kutoka Bara."

"Basi Bara yako iko karibu. Huu umekatwa hapa hapa Unguja."

Akauweka msumeno chini, akanitazama kama paka aliyekutwa jikoni. "We umejuaje? Mafundi wenzangu wenyewe wanapita hapa wanausifu msaji."

Nilimwambia aendelee na kazi yake, mimi natazama chaga. Nikazihesabu, kisha nikazihesabu tena, lakini akili haikuwa pale. Akili ilikwishatoka mlangoni, imeshika njia ya shamba.

Nilikuwa katika umri ule ambao meno ya mbele yameng'oka na ulimi haujazoea uwazi wake. Tulikaa ghorofani, mjini, na miti sisi tuliijua ikishakuwa milango. Mama alikuwa na tumbo kubwa, na niliambiwa kuwa atakwenda hospitali kuchukua mtoto. Niliona ni jambo jepesi, kama la sokoni: unakwenda, unachagua, unarudi naye. Akaenda. Hakurudi siku ile wala ya pili yake, na baba naye akawa anaingia nyumbani kubadili shati tu. Mwisho nguo zangu zikatiwa kikapuni, nikapelekwa kwa bibi, mama yake baba, katika kijiji kimoja kabla hujafika Kizimbani.

Nyinyi mliokuwa watoto wakati mmoja na mimi mnajua mambo yalivyokuwa. Hatukuambiwa kitu. Kila niliyemuuliza alinijibu, "Mama yako hajambo." Lakini nimekulia jirani na soko, na nilikwishajua kuwa muuzaji akiisifu bidhaa huku anatazama pembeni, bidhaa ina tundu. Walisema hajambo wakiutazama mlango, wakiitazama sufuria, wakimtazama kuku. Hakuna hata mmoja aliyelisema neno lile huku ananitazama mimi.

Basi nikawa situlii. Nikikaa nasimama, nikiingia natoka, bibi akienda kisimani nami nyuma, akigeuka ananikanyaga. Usingizi ukawa unanipita kama gari isiyo na nafasi. Ami Haji, mdogo wake baba, aliyekuwa anakaa na bibi, akanibandika jina la Kishada, kwa maana siku zote niko juu na mwenye uzi hajulikani. Bibi yeye aliniita kama mabibi wetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Mke mwenzangu," akasema huku anakunja tambuu, "hebu kaa kitako. Unanizungusha kichwa kama pia. Mume wetu akifufuka leo akakukuta hivyo, si atasema mimi mke mkubwa nimeshindwa kukufunza?"

Mume wetu alikuwa ni babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Sisi wake zake alituachia nyumba, kisima na safu ya miti mbele ya nyumba. Nikaihesabu: saba. Nikaihesabu kutoka upande wa pili: saba. Ilikuwa mirefu, ya kijani kizito, wala haikuwa na embe, nazi, karafuu, wala chochote cha kumpa mtu sababu ya kuisimamisha pale.

"Ami, miti gani hii?"

"Mikeshia."

"Inafanya nini?"

"Inafanya nini! Imesimama. We ulitaka iimbe?"

Ningeliachia hapo. Lakini jioni ile ile Ami alirudi na baskeli yake kutoka mjini, nikamsikia anampa bibi habari ukumbini. "Jana wifi yake ndiye aliyemkeshea," alisema. "Leo zamu ya kaka. Hawamwachi peke yake hata kidogo."

Leo najua kuwa kukeshea na mkeshia havina udugu wowote. Bwana mmoja wa misitu aliwahi kunieleza kuwa jina lile lilikuja na miche yenyewe, kutoka ndimi za watu wengine, likapindika njiani mpaka likakaa vizuri kinywani mwetu. Lakini mtoto hapimi herufi kwenye mizani. Mimi nilisikia kuwa mama anakeshewa kwa zamu, na nikasikia kuwa mbele ya nyumba yetu imesimama mikeshia saba. Nikaunganisha. Shangazi ana zamu yake, baba ana zamu yake, na miti hii nayo ina zamu yake. Na maadamu yupo anayekesha, basi mama hajambo ya kweli. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi, na kingemtia wasiwasi mnunuzi yeyote: nani kahakikisha kuwa haisinzii?

Kando ya kisima palikuwa na mkwaju. Magharibi ikiingia, vijani vyake vilikunjana viwili viwili, kama viganja vya mtu anayemaliza dua. "Unalala huo," Ami alinionyesha. Mara nikajua pa kuanzia. Kila magharibi nikawa naanza kwa mkwaju, nauona unajikunja, kisha natoka mbio hadi kwenye mikeshia. Natazama juu. Majani yake yapo vile vile kama yalivyokuwa mchana, marefu, yamepinda kama mundu, yote macho. Bibi akiamka kwa sala ya alfajiri namfuata mpaka barazani natazama tena. Hakuna lililosinzia. Ndipo moyo unatua, kwa muda wa chai moja.

Walinzi saba nikaona hawatoshi. Nikamsumbua Ami anionyeshe kama ipo mingine karibu na kwetu, na yeye, ama kwa huruma ama kwa kuchoka, akawa ananichukua akienda kukata majani ya mbuzi. Huko ndiko nilikojifunza kuitambua. Jani la mkeshia lina mistari inayokwenda urefu wote, na ukilipasua hufuata mstari kama kitambaa kizuri. Ua lake ni kijiti cha manjano chenye unga, likikupaka vidole utadhani umeshika bizari. Na maganda ya mbegu yamejikunja, yamejiviringa, mfano wa masikio, kila mbegu nyeusi inaning'inia kwa kiuzi cha rangi ya chungwa.

"Una na masikio!" nikamwambia Ami.

"Una. Unasikia kelele zako zote."

Kumbe haulali na unasikia. Kwa kazi ya hospitali sikuona aliyeuzidi. Mvinje tulioukuta njiani nikaukataa, maana una nywele tu. Mikeshia mitatu ya nyuma ya chuo cha Kurani nikaiingiza katika zamu, na mmoja wa kwenye makaburi nikauwacha, kwani niliona una watu wake.

Halafu magharibi moja, chini ya mti wa mwisho katika safu yetu, nikakiona kimche cha urefu wa shubiri. Vijani vyake vilikuwa vidogo vidogo, kama unyoya, na vyote vimekunjana. Vimelala fofofo. Nikapiga ukelele ambao bibi aliusikia kutoka jikoni.

"Ami! Kuna mgeni huku, kalala!"

Ami akaja, akachuchumaa. "Mgeni wapi? Mkeshia huu."

"Mwongo wewe. Majani yake ya mkwaju."

"Tazama hapa juu, mbishi."

Juu kabisa palikuwa na jani ambalo lilikuwa bado halijaamua. Kikonyo chake kilibapa na kupinda kama kimundu kidogo, lakini kwenye ncha bado kiling'ang'ania kiunyoya. Jani moja, na miti miwili ndani yake.

"Huyu bado mtoto," Ami akasema. "Mtoto wa mkeshia analala kama watoto wote. Akikua anaacha."

"Anaacha kulala?"

"Anaacha. Sasa mwache alale. Twende zetu, bibi yako atanitoa roho."

Nikamzungushia vijiti ili mbuzi wasimkanyage, nikaondoka kwa ncha za vidole. Nilifurahi kwamba mtoto anapumzika. Wakubwa si wapo.

Habari ikaja asubuhi moja, bibi anapepeta mchele. Ami aliiangusha baskeli chini, hakuiegemeza. Hilo ndilo nililoliona kwanza, maana baskeli ile hata mimi nilikatazwa kuipigia kengele. Akasema neno moja tu tangu mlangoni.

"Katoka."

Bibi akauweka ungo chini. Akajifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yakawa yanatikisika. "Alhamdulillahi ala kulli hali," akasema. Ami akamsogelea akamnong'oneza jambo jingine, na bibi akatikisa kichwa taratibu, akalia upya. Kisha akajifuta macho na kusema, kwa sauti yake ya kazi, "Kata mkeshia mmoja. Mkubwa. Masufuria n'takwenda kuazima. Nshasema, na neno langu n'talitimiza."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na hesabu ile niliijua. Kwetu mjini watu hawafi. Wanatutoka. Fulani katutoka, mazishi baada ya adhuhuri. Kisha wanawake wanalia, masufuria makubwa yanaazimwa, kuni zinalundikwa mbele ya nyumba. Nilihesabu mara moja tu. Dalili zote zilitimia.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikauwahi mkeshia ulio karibu na njia ya mjini, nikaukumbatia. Mikono haikukutana kwa nyuma. Ami alinikuta pale, shoka begani.

"Ondoka hapo, Kishada, n'na kazi."

"Usiukate huu."

"Nikate upi?"

"Kata mwembe wa jirani."

"Jirani atanikata mimi."

"Kata mkwaju, basi. Kata ule unaolala!"

Ami akaliteremsha shoka. "We mtoto una nini leo?"

"N'takupa kikapu changu na vilivyomo."

"Vina nini?"

"Nguo zangu."

"Gauni zako n'zivae wapi mimi, mkononi?"

"Basi chukua matawi. Matawi yote. Shina liache likeshe."

"Likeshe?" Hapo akapiga goti, akanitazama. "Likeshe vipi?"

"Mkiukata nani atamkeshea mama?" Na kilio kilichokuwa kimekaa tangu siku nilipotiwa nguo kikapuni kikatoka chote. "Au ndo nshachelewa? Mmesema katoka!"

Ami akainuka. Akampigia kelele mama yake aje haraka. Bibi akaja na ungo mkononi, akasimuliwa maneno mawili, akanitazama. Alinitazama machoni, jambo ambalo hakulifanya tangu nimefika.

"Mke mwenzangu. We umesikia katoka, ukadhani katoka wapi?"

Nikauficha uso kwenye gome la mti.

"Katoka hospitali!" Bibi akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Hos-pi-ta-li! Mzima! Anakuja leo hii kwa gari ya watu! Lo, mtoto wewe, unataka kunizika na mimi?" Akakaa chini, pale pale kwenye majani makavu, anacheka na kulia kwa pamoja, akanivuta kwapani mwake palipokuwa na harufu ya tambuu. "Nliweka nadhiri. Nlisema akitoka salama n'tapika wali nilishe kijiji. Sasa nipikie kuni za nani, za mume wetu au za jirani?"

Nikauachia mti. Nikamwambia Ami aukate. Alipokuwa bado anatafuta pa kuanzia, nikamshauri akate na wa pili, kwa tahadhari.

"Mtazame," Ami akamwambia bibi. "Sasa hivi alikuwa wakili wao, sasa yeye ndiye hakimu."

Nilimpa sharti moja tu, uangukie upande wa njia, usimwangukie mtoto wa mkeshia. Ukaangukia njiani. Vipande vilivyokuwa vinaruka kutoka kwenye shoka vilikuwa na harufu ile ya chai iliyosahauliwa, nami nikaviokota nikavinusa, kimoja kimoja, kwa furaha ambayo mpaka leo sina uhakika kama nimeipata tena.

Gari ilifika baada ya adhuhuri. Baba akashuka kwanza, kisha akamshika mama mkono. Mama alikuwa mwembamba, baibui limemzidi, ananuka dawa ya hospitali. Nilimrukia kiunoni, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Tumbo halikuwepo. Nikatazama mikononi mwake. Nikatazama mikononi mwa baba, nikaona chupa ya chai na mfuko wa nguo. Nikaenda garini, nikatazama kiti cha nyuma, nikainama nikatazama na chini ya kiti. Kisha nikarudi nikaanza upya, nikianzia kwa baba.

Wateja wa duka langu hunicheka kwa kuhesabu kila kitu mara mbili. Sijapata kuwaambia ni hesabu gani iliyokataa kutimia.

"Mtoto yuko wapi?"

Baba akaitazama gari. Ami akalitazama shoka. Bibi peke yake ndiye aliyenitazama mimi.

"Kalala," akasema.

"Kalala wapi?"

"Kalala, mke mwenzangu. Mwingize mama yako ndani, kasimama sana."

Wali wa nadhiri ukapikwa Ijumaa iliyofuata. Kuni zilikuwa bado na maji, moshi ukawa mkali, ukaliza kijiji kizima, na wale waliokuwa na sababu zao za kulia wakapata pa kujificha. Watu walikula, wakaomba dua, wakaondoka na sahani za waliobaki nyumbani. Magharibi ilipokaribia nikaenda kwenye ukaguzi wangu, kwa mazoea, ingawa sikujua tena zamu ni ya nani. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kimche changu, vijani vinaanza kukunjana, niliposikia hatua za mtu anayetembea kwa kushika ukuta. Mama akaja, akakaa kwenye gogo la ule mti uliokatwa.

"Unatazama nini?"

"Mtoto wa mkeshia," nikamjibu, kwa fahari ya mwenye duka. "Sasa hivi analala. Akikua ataacha."

Mama alikitazama kile kimche. Kisha akanyoosha mkono, akakiinua kijiti kimoja cha uzio wangu kilichokuwa kimelala upande, akakisimamisha.

"Wengine hawaachi," akasema.

Nilijua hajui miti. Mtu wa mjini, nikajiambia, tumsamehe. Nikaanza kumfunza: jani lina mistari, ua lina unga, ganda ni sikio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kila nikisema "mama", akaitika "naam". Kila nikisema "mama", "naam".

Tulirudi mjini wiki ile ile, na kimche sikukiona tena. Wala sijamuuliza mama, mpaka leo, kama yule mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nimejadiliana bei na watu wa kila bandari, nimemtoa jasho muuza vitambaa wa Darajani, lakini swali lile sijui kulianzia wapi. Kila nikikaribia nalo nainuka, nakumbuka kuna kitu nimesahau jikoni.

"Bi mkubwa?" Fundi alikuwa amesimama mbele yangu, vumbi kwenye nyusi. "Sasa vipi? Chaga hizo umezihesabu mpaka zimechoka."

"N'nakichukua. Kwa bei ya mkeshia."

"Mgumu huo, mchwa haugusi..."

"Najua ulivyo. Kwa bei ya mkeshia." Akashusha mabega, nami nikajua tumeelewana. "Na jambo jingine. Ukikileta nyumbani, mama atakuuliza mti gani. Usimwambie msaji."

"Nimwambieje?"

"Mtajie jina lake."

Fundi akacheka, akaupigapiga ule ubao wa kichwani. "Mkeshia! Ama kweli. Huyo mzazi wako atalala usingizi gani juu ya mti wa kukesha?"

"Atalala," nikamwambia. "Wa kukesha nipo."